Ndege ya Mwanza na Hesabu ya Rula

Wenzangu wa Kidato cha Nne hupima ramani kwa rula, wakapata kilometa 850 hivi toka Dar es Salaam hadi Mwanza. Kisha hugawanya kwa mwendo wa ndege ya jeti, tuseme kilometa 800 kwa saa: saa moja na dakika nne. Lakini tiketi husema karibu saa moja na nusu. Je, yadanganya? La. Saa za tiketi huanza ndege iondokapo maegeshoni. Hutambaa kwanza hadi njia ya kurukia. Tena ipandapo na ishukapo haiendi kwa kasi yake yote, na upepo wa mbele huichelewesha. Mzazi amletaye mgonjwa Muhimbili, mwenye kuagiza gari la kumpokea, ashike saa za tiketi. Kwa basi ni zaidi ya kilometa 1,100, kutwa nzima.