ARDHI HAIKUWA TUPU

Somo la Historia na Siasa



Jioni moja darasani hapa Oldonyo Sambu tulitundika ramani ya dunia ukutani. Mzee mmoja aliiangalia Marekani kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Mwalimu, hawa Wazungu walishuka pwani hii ya mashariki. Sasa nchi yote hii, mpaka bahari ya pili kule magharibi, waliipataje?"

Kabla sijafungua mdomo, mama mmoja akamjibu: "Kama walivyopata mashamba ya hapa."

Darasa zima lilicheka. Lakini jibu la mama yule lilikuwa na ukweli mwingi. Basi leo tujifunze habari mbili, moja ya Marekani na nyingine ya Mlima Meru, halafu tuone zinatufundisha nini.

1. MAREKANI INAPANUKA

Mwaka 1803 Rais Thomas Jefferson alinunua kutoka Ufaransa eneo kubwa sana lililoitwa Louisiana. Bei ilikuwa dola milioni 15. Kwa ununuzi huo, ukubwa wa Marekani uliongezeka karibu mara mbili. Lakini hebu jiulize: nchi ile ilikuwa ya nani? Mataifa mengi ya wenyeji yaliishi humo. Walilima, waliwinda, walizika wazee wao humo. Wao hawakuuza kitu, wala hawakuulizwa. Kwenye ramani ya wanunuzi, ardhi ilionekana tupu.

Kwa nini walowezi waliitaka sana? Sababu ya kwanza ni pamba, ambayo bei yake ilikuwa nzuri. Matajiri wa kusini walitaka mashamba mapya, na kazi yenyewe ilifanywa na Waafrika waliotiwa utumwani. Sababu ya pili ni siasa. Miaka ile majimbo mengi yaliwapa kura wanaume wa Kizungu hata kama hawakuwa na mali. Mwanasiasa aliyeahidi ardhi alipata kura. Wenyeji hawakuwa na kura. Basi ardhi iliyoahidiwa ikawa ni yao.

Mwaka 1830 Rais Andrew Jackson alitia sahihi sheria ya kuwahamisha wenyeji wa mashariki na kuwapeleka ng'ambo ya Mto Mississippi. Si wabunge wote walioikubali. Katika Baraza la Wawakilishi waliosema ndiyo walikuwa 102, waliosema hapana 97.

2. WACHEROKEE NA KISOMO CHAO

Kati ya waliotakiwa kuhama walikuwamo Wacherokee wa jimbo la Georgia na majimbo ya jirani. Habari yao inatuhusu sana sisi wanakisomo.

Mtu mmoja wao, mfua fedha aliyeitwa Sequoyah, hakujua kusoma lugha yoyote. Aliona Wazungu wakiongea kwa karatasi, akaamua kuwatafutia watu wake njia yao wenyewe. Mwaka 1821 alikamilisha alama za kuandikia Kicherokee. Kila alama ilikuwa silabi moja, kama zile ba, be, bi, bo, bu tulizoanza nazo. Kwa miaka michache tu Wacherokee wengi sana, wakubwa kwa wadogo, walijua kusoma. Mwaka 1828 walianzisha gazeti lao, Cherokee Phoenix. Walikuwa pia na katiba na mahakama.

Walipoambiwa wahame walikwenda mahakamani. Mwaka 1832 Mahakama Kuu ya Marekani ilitamka kwamba sheria za Georgia hazina nguvu katika nchi ya Wacherokee. Lakini Georgia haikuitii hukumu, na Rais hakuwalinda.

Mwaka 1835 kikundi kidogo cha Wacherokee kilitia sahihi mkataba wa kuitoa nchi yote. Hawakutumwa na wenzao. Kiongozi mkuu, John Ross, aliupinga, na waraka wa kuupinga ukapelekwa serikalini ukiwa na majina zaidi ya 15,000. Hata hivyo Baraza la Seneti liliupitisha mkataba; kura moja tu ingegeuka, usingepita. Mwaka 1838 askari waliwatoa watu majumbani. Walisafirishwa zaidi ya kilometa 1,000, wengi kwa miguu, na baridi ikawakuta njiani. Watu wapatao 16,000 walihamishwa. Inakadiriwa kwamba 4,000 walikufa. Safari ile inaitwa Njia ya Machozi.

3. HUKU KWETU: PETE YA MASHAMBA

Sasa turudi nyumbani. Wajerumani walipoushika Mlima Meru, waliwagawia walowezi ardhi iliyouzunguka. Kuanzia mwaka 1904 hivi waliwakaribisha Makaburu kutoka Afrika Kusini, na baadhi yao waliwekwa hapa hapa Oldonyo Sambu. Mashamba yale yaliuzunguka mlima kama pete. Waarusha na Wameru walibanwa juu mlimani, na ng'ombe wao walitengwa na malisho ya tambarare.

Waingereza walipochukua nchi, pete ile haikuvunjwa. Mwaka 1946 Jaji Mark Wilson alipewa kazi ya kuchunguza ardhi ya Arusha na Moshi. Alipendekeza eneo la kati ya Meru na Kilimanjaro liwe la walowezi peke yao. Wameru waliokuwa Ngarenanyuki ilibidi wapelekwe King'ori.

Ngarenanyuki iko upande wa pili wa mlima kutoka hapa kwetu. Ukiipita siku ambayo ng'ombe wako mbali, utadhani hapana mwenyewe. Lakini mfugaji anajua. Malisho hupumzishwa. Kupumzisha si kutupa.

4. NOVEMBA 1951

Wameru walikataa kuhama, wakakataa na fidia. Mwezi Novemba 1951 serikali ilileta askari. Watu wapatao 3,000 walitolewa. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikaswagwa. Nchi yao ilikusudiwa kugawanywa mashamba 13 ya walowezi, ya kufugia ng'ombe. King'ori kulikuwa na joto na maji haba, na ng'ombe wa mlimani wangeugua. Wengi hawakwenda huko. Walijibana kwa ndugu zao mlimani.

Halafu wakafanya nini? Waliandika. Wakati ule Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, na mwananchi yeyote aliruhusiwa kupeleka malalamiko yake Umoja wa Mataifa. Wameru walichanga fedha, wakamtuma kijana wao Kirilo Japhet pamoja na mwanasheria Earle Seaton. Mwaka 1952 Kirilo alisimama New York, mbele ya mataifa, akaeleza habari ya Ngarenanyuki.

Je, walishinda? Siku ile hapana. Nchi nyingi ziliwaunga mkono, lakini katika Baraza Kuu kura hazikufika theluthi mbili. Kirilo alirudi bila ardhi.

5. TOFAUTI IKO WAPI?

Tusidanganyane. Kujua kusoma peke yake hakuzuii bunduki. Wacherokee walisoma, walishinda mahakamani, na bado walifukuzwa. Walibaki peke yao, na waliokuwa na kura walikuwa ndio wanaoitaka ardhi.

Wameru hawakubaki peke yao. Kirilo alizunguka Tanganyika akieleza mambo yaliyotokea. Watu wa mikoa ya mbali wakaona: kama ni Ngarenanyuki leo, kesho ni kwetu. Shauri la kabila moja likawa la nchi nzima. Mwaka 1954 TANU ilizaliwa, mwaka 1961 tukapata uhuru. Mwaka 1963 sheria ilifuta umilikaji wa ardhi wa moja kwa moja, ule wa kikoloni. Leo Ngarenanyuki ni kata ya wakulima na wafugaji, maarufu kwa nyanya.

6. SISI LEO

Ndugu zangu, wakoloni wameondoka, lakini neno "ardhi tupu" halikuondoka nao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatupa mambo haya ya kushika:

(a) Halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu ni wewe na mimi, wake kwa waume.

(b) Mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanamume.

(c) Serikali ikitaka kuihamisha ardhi ya kijiji, lazima taarifa itolewe, na wanakijiji wapate nafasi ya kusema.

Basi usikose mkutano. Muhtasari ukisomwa, sikiliza kama umeandika yale mliyokubaliana. Ukiletewa karatasi ya kutia sahihi au dole gumba, isome kwanza, na usipoielewa, usitie. Kumbuka ule mkataba wa mwaka 1835: sahihi za wachache zilitoa nchi ya wengi.

MAANA YA MANENO

Mlowezi: mgeni aliyehamia nchi ya watu na kujimilikisha ardhi.
Nchi ya udhamini: nchi iliyotawaliwa na nchi nyingine chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa.
Fidia: malipo ya kufidia kitu kilichochukuliwa.
Muhtasari: maandishi ya mambo yaliyoamuliwa mkutanoni.

MASWALI YA KUJADILI

1. Wacherokee walishinda mahakamani. Kwa nini walihamishwa?
2. Kirilo Japhet alirudi bila ardhi. Je, safari yake ilikuwa ya bure?
3. Katika kijiji chako, ni eneo gani ambalo mgeni angeliona tupu? Nani wanalitumia, na wakati gani wa mwaka? Liandike katika daftari lako, ulisome mbele ya wenzako.