Ganzi, Mkakamao na Kiharusi: Kuyaelewa Maumivu ya Miguu Usiku

Mtu anayeamshwa usiku na maumivu ya mguu huweza kusema kuwa mguu umekufa ganzi, au kwamba mshipa umemkaza. Kauli hizi hazina maana moja. Makala haya yanaonyesha kuwa kuzitenganisha ni hatua ya kwanza ya tiba.

Ganzi ni kiungo kupotewa na hisi, aghalabu kwa sababu ya kulaliwa au kubanwa. Mkakamao, kinyume chake, ni msuli kujikaza wenyewe na kukataa kulegea. Huupata hasa msuli wa shavu la mguu au wa wayo, kwa sekunde chache hadi dakika 10 hivi. Neno mshipa nalo hutatiza, kwani hubeba maana ya njia ya damu, neva na hata kano, ilhali kinachouma hapa ni msuli.

Mara nyingi chanzo hakibainiki. Hata hivyo, mkakamao huwapata zaidi wazee na wajawazito, na huhusishwa na uchovu wa misuli, kisukari, maradhi ya figo na baadhi ya dawa, mathalani za kuongeza mkojo.

Msuli ukikaza, mgonjwa anyooshe goti, avute vidole vya mguu kuelekea kwenye muundi, kisha akande taratibu. Ama kuhusu kinga, utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2012 ulihusisha watu 80 wenye umri wa zaidi ya miaka 55. Walionyoosha misuli ya miguu kila usiku kabla ya kulala, kwa wiki 6, walipata nafuu. Kwinini, iliyozoeleka kama dawa ya malaria, isitumiwe kiholela: mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuwa huweza kudhuru damu na mapigo ya moyo.

Aidha, ganzi au udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, uso kupinda au ulimi kuwa mzito ni dalili za kiharusi. Si hali ya kukandwa hadi kupambazuke. Vilevile, mguu mmoja ukivimba na kupata joto, huenda damu imeganda ndani yake.

Hivyo basi, mzee akilalamikia mshipa, aulizwe: mguu unauma, au hauhisi? Jibu lake laweza kuamua iwapo atakandwa au atakimbizwa hospitalini.