Nilikariri muhtasari, mtihani ukauliza kingine

Yaya mshauri,

Mimi ni msichana wa miaka 19, finalisti wa humanite pedagojia hapa Uvira, nakaa Mulongwe. Mwaka huu mwalimu wetu wa Kifaransa ametupa vitabu viwili: tamthilia ya Guillaume Oyono-Mbia, Trois prétendants… un mari, na hadithi fupi za Henri Lopes, Tribaliques. Darasa zima tuna nakala moja ya kila kitabu, zilizobaki ni fotokopi zilizofifia. Nilinunua daftari la muhtasari kwa kaka mmoja aliyemaliza mwaka jana, nikalikariri lote. Kwenye mtihani wa semesta mwalimu akaweka kipande cha mazungumzo, akauliza: nani anasema, anamwambia nani, na kwa nini? Hadithi naijua, lakini nilikosa cha kuandika. Nikapata 7 kwa 20. Sasa hors-session, sehemu ya kwanza ya mtihani wa taifa, inakaribia. Kifaransa kinanilemea: nikifika mwisho wa ukurasa, mwanzo nimeshausahau. Mchana namsaidia mama kuuza ndagala sokoni, usiku umeme unakatika. Nitafute muhtasari mzuri zaidi, au nifanye nini?

Finalisti, Mulongwe

Mdogo wangu,

Usitafute muhtasari mwingine. Huo ulio nao unatosha kwa kazi yake, ila kazi yake ni ndogo. Muhtasari unakwambia kilichotokea. Mtihani wa fasihi unauliza sababu: kwa nini huyu anasema hivi, mbele ya huyu, wakati huu? Jibu la swali hilo limo katika maneno ya wahusika wenyewe. Kwa hiyo neno langu kwako ni hili: rudi kwenye kitabu, ukielewe kwanza kwa Kiswahili chenu cha nyumbani, ndipo ukipeleke kwenye Kifaransa cha mtihani. Twende nalo kwa vitabu hivyo hivyo viwili.

Tamthilia: fuata pesa

Trois prétendants… un mari ilichapishwa na CLE, Yaoundé, mwaka 1964. Mambo yake yanatokea Mvoutessi, kijiji cha kusini mwa Kameruni. Daftari lako bila shaka linasema kwamba Juliette, msichana aliyesoma, anakataa wanaume aliochaguliwa na familia. Ni kweli, lakini kwa sentensi hiyo huwezi kueleza hata tukio moja.

Sasa chukua kalamu ufuate pesa. Ndi, kijana mkulima, ametoa faranga 100,000. Baadaye anakuja Mbia, mtumishi wa serikali, anatoa 200,000. Familia inapokea zote. Juliette alikuwa shuleni, na hakuna aliyemuuliza. Moyo wake uko kwa Oko, mwanafunzi asiye na kitu. Akikataa, familia inadaiwa 300,000 ambazo haiko tayari kuzitoa mfukoni. Ndipo Juliette na vijana wenzake wanapozichukua pesa zile zile kwa siri, Oko anavaa vizuri, anakuja mbele ya wazee, na kulipa mahari kwa fedha za familia yenyewe.

Ukiisha kuandika hesabu hiyo pembeni mwa fotokopi yako, kila mhusika anaanza kueleweka. Ukikuta wazee wanamsifu Mbia kwa cheo chake, unajua sifa hizo zinafuata mkoba wake. Ukikuta mganga Sanga-Titi ameitwa, unajua ameitwa kwa sababu pesa zimetoweka, na kwamba wote wanaomzunguka wana hofu ya deni. Mwalimu akikuwekea kipande chochote, jiulize kwanza: hapa pesa ziko mikononi mwa nani? Mara nyingi utapata nani anasema, anamwambia nani, na kwa nini.

Hesabu hiyo inakupa pia jambo ambalo muhtasari mwingi unalikosea. Wanafunzi wengi wataandika kwamba mwandishi anapinga mahari. Tazama mwisho: Juliette anaolewa kwa mahari, tena yote, mbele ya wazee wote. Kinachoshambuliwa ni kumpangia bei mtu ambaye hajaulizwa, na kupandisha bei hiyo kila anapofika mgeni mwenye cheo zaidi. Ukiandika hivyo, ukaonyesha na tukio, mwalimu ataona kwamba umekisoma kitabu.

Nawe una faida hapa. Msichana wa Uvira ameshaona vikao vya mahari, wajomba wamekaa, hesabu ya ng'ombe na pesa inajadiliwa hadi jioni. Tumia unayoyajua kuelewa yanayotokea Mvoutessi. Lakini kwenye karatasi ya mtihani toa ushahidi wa Mvoutessi, usiandike ya shangazi yako.

Someni kwa sauti

Tamthilia iliandikwa ili isemwe. Ukiisoma kimya peke yako, majina yanachanganyika: Atangana baba, Abessolo babu, Makrita mama, Ondua, Engulu. Kusanyeni watu watano au sita siku moja ya wikendi, kila mtu achukue mhusika wake. Someni tukio moja kwa Kifaransa hadi mwisho. Funikeni karatasi. Sasa kila mtu aseme maneno ya mhusika wake kwa Kiswahili, jinsi ambavyo angeyasema nyumbani kwao. Aliyemchukua babu ataona papo hapo kama anajua babu anataka nini. Akikwama, rudini kwenye ukurasa. Kisha lisomeni tukio lile lile tena kwa Kifaransa. Safari hii hamtahangaika na kila neno, kwa sababu mnajua ugomvi uko wapi.

Msiruke maelekezo ya jukwaa, yale maandishi ya mlazo yanayosema nani anaingia, nani anatoka, nani anakunywa. Yanakwambia ni nani anayesikia. Juliette hasemi mbele ya wazee yale anayoyapanga na vijana wenzake, na swali la "anamwambia nani" linategemea kujua ni nani aliyepo.

Baada ya kusoma, kila mhusika mwandalie karatasi yenye mistari minne: anataka nini, nani anamzuia, anafanya nini, ukurasa upi unathibitisha. Kwa Mbia, kwa mfano: anataka mke na heshima ya kijiji, anayemzuia ni Juliette mwenyewe, anaweka pesa mara mbili ya zile za Ndi na kutaja cheo chake, ukurasa utauandika wewe. Mstari huo wa nne usiuache wazi hata mara moja. Jibu lisilo na ushahidi hupewa nusu ya alama, au halipewi kitu.

Hadithi fupi: tazama vilivyowekwa ubavuni

Tribaliques ilitoka mwaka 1971, ina hadithi 8, na mwaka 1972 ilipata tuzo kubwa ya fasihi ya Afrika nyeusi, Grand prix littéraire d'Afrique noire. Lopes alizaliwa Kinshasa mwaka 1937, wakati mji ukiitwa Léopoldville, akawa waziri mkuu wa Kongo-Brazzaville kuanzia 1973 hadi 1975. Aliyoyaandika kuhusu wakubwa aliyajua kwa karibu.

Hadithi fupi haina nafasi ya kukueleza kila kitu, kwa hiyo mwandishi anaweka mambo mawili jirani na kukuachia wewe uyalinganishe. Katika "Monsieur le Député", mbunge anatoa hotuba kali kuhusu haki za wanawake. Akirudi nyumbani, mke na mabinti zake ni wa kumtumikia. Lopes haandiki popote kwamba mtu huyu ni mnafiki. Anaiweka hotuba hapa, anaiweka nyumba pale. Ukiulizwa jinsi mwandishi anavyoonyesha unafiki wa viongozi, jibu ni mpangilio huo: taja kitu kimoja kutoka kwenye hotuba, taja kimoja kutoka nyumbani, eleza vinavyogongana.

Katika "L'avance" kuna watoto wawili. Carmen, mfanyakazi wa nyumbani, anamlea mtoto wa Wazungu, na kwake mtoto wake mwenyewe ni mgonjwa. Anaomba apewe sehemu ya mshahara kabla ya siku yake. Soma mazungumzo hayo na bibi mwajiri polepole, uone anavyojibiwa. Hakuna anayepiga kelele wala anayetukana. Ukiweza kuonyesha kwa maneno ya ukurasa huo jinsi mtu anavyoumizwa kwa sauti ya upole, umeshapata aya nzuri kuliko nyingi nilizowahi kusoma.

Kwa kila hadithi andika mambo matatu: mhusika anaanza akiwa katika hali gani, mambo yanageukia wapi, anaachwa katika hali gani. Kisha soma aya ya mwisho mara ya pili, kwa maana hapo ndipo hadithi fupi inapofunga hesabu zake. Hadithi zote 8 ziingie katika ukurasa mmoja wa daftari: jina, mhusika mkuu, dhamira, tukio moja la ushahidi. Halafu chora mistari ukiziunganisha zinazozungumzia jambo moja. Swali la "linganisha hadithi mbili" huwashinda wengi kwa sababu wanaanza kutafuta uhusiano huo wakiwa tayari ndani ya chumba cha mtihani.

Kiswahili kwanza, Kifaransa baadaye

Huenda mwalimu wenu hataki Kiswahili darasani. Heshimu sheria yake ukiwa darasani. Nyumbani, fikiri kwa lugha unayofikiria. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, na akili yako imejengwa nacho. Oyono-Mbia mwenyewe aliiandika upya tamthilia yake kwa Kiingereza, Three Suitors: One Husband. Ikiwa mwenye kazi aliona inaweza kuvuka lugha, nawe ivushe bila wasiwasi.

Usome hivi. Pita ukurasa mzima bila kusimama kwenye neno gumu. Sema kwa Kiswahili ulichoelewa, hata kama ni nusu. Rudi, upige mstari chini ya vitenzi, maana ndivyo vinavyobeba tendo. Tafuta maana ya maneno matano tu yanayokuzibia njia. Mwisho andika wewe mwenyewe sentensi tano fupi za Kifaransa kuhusu ukurasa huo: mtenda, tendo, sababu. Sentensi fupi yako iliyo sahihi ina thamani kuliko sentensi ndefu ya daftari la kununua, ambayo msahihishaji ameshaikuta kwenye karatasi nyingi za wenzako.

Hors-session na siku nne za Exetat

Katika disertasio ya hors-session, mada huwa pana kuliko kitabu kimoja. Inaweza kugusa elimu ya msichana, uongozi, au mila na maisha ya leo. Hapo vitabu vyako ni hazina ya mifano. Jenga kila aya kwa hatua nne: sema wazo lako, taja kazi na mwandishi, eleza tukio moja kwa sentensi mbili, onyesha jinsi linavyothibitisha wazo. Usiisimulie tamthilia nzima. Mada ikiwa uongozi, mbunge wa Lopes anatosha. Ikiwa ndoa, Juliette anatosha.

Kwenye siku nne za Exetat, yaani mtihani wa taifa wenyewe, Kifaransa huja kama maswali ya kuchagua jibu. Soma maswali kabla ya kusoma kifungu, ili ujue unatafuta nini. Kila jibu unalolikataa, jiulize ni neno gani la kifungu linalolikataa. Ni zoezi lile lile la ushahidi ulilolifanya nyumbani.

Muda wako

Mji wetu umepoteza siku nyingi za masomo kwa vita na mafuriko, na wewe una kazi ya soko juu yake. Sikwambii ukeshe. Tumia mwanga wa alfajiri kwa kusoma ukurasa na kuandika zile sentensi tano. Saa za sokoni tumia kwa kusimulia. Mweleze mama hadithi ya Juliette mkiwa mnasubiri wateja. Atakuuliza: kwa nini baba yake hakurudisha pesa za yule wa kwanza? Binti alizipataje? Hayo ndiyo maswali ya mtihani, na mama yako atayauliza bila kukuogopesha. Swali litakalokushinda, liandike kwenye kiganja au kwenye karatasi, ulitafutie jibu kesho alfajiri.

Wiki hii anza na jambo moja: mkubaliane na wenzako siku, mchague tukio ambalo Mbia anafika kijijini, mgawane wahusika. Wiki inayofuata, "Monsieur le Député". Alama 7 zilipima daftari la yule kaka. Zijazo zitapima kusoma kwako, nami nina imani kamili kwamba utaandika mambo ambayo hakuna daftari lililowahi kuyaandika.

Yaya yako