Zakayo na Gunia la Lumbesa
Somo la Siku za Kwaresima

Kwaresima hutukuta huku Tunduma na Mbozi wakati wa masika, mahindi yangali shambani na maghala ya wengi yamepungua. Wako wafungao kabla ya kuambiwa wafunge. Basi tukinena habari ya mateso, tusinene kama watu walio mbali nayo.

Wengine husema, fulani anateswa kwa sababu ametenda dhambi. Bwana wetu alilikataa neno hili. Alipowataja watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu (Luka 13:4), hakuwahesabu kuwa wakosaji kuliko wenzao, bali aliwataka wasikilizaji wake watubu wao. Mateso ya jirani si kitabu cha kusomea dhambi zake. Lakini yatupasa kuuliza: katika mateso hayo, ni yapi yaliyotoka mikononi mwetu?

Tangu zamani, Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima husomwa Luka 18:31-43, ambapo Bwana awaambia wanafunzi ya kuwa anakwenda Yerusalemu kuteswa. Njia ile ilipita Yeriko, na huko alikaa Zakayo, mkuu wa watoza ushuru. Sisi tukaao mpakani twamfahamu upesi, maana mji wetu nao waishi kwa njia kuu iendayo Zambia na kwa mizigo ipitayo.

Hata hivyo tusimtafute Zakayo forodhani tu. Yuko na mnunuzi ajaye wakati wa mavuno, atakaye gunia lishindiliwe, kisha lishonewe kilemba juu, naye alipe bei ya gunia moja. Sheria ya nchi yakataza lumbesa. Lakini mama mwenye mtoto mgonjwa hana nguvu ya kubishana na mwenye fedha. Njaa yake ya Machi ilianza Julai. Haikutoka mbinguni, ilishonwa kwa kamba ya katani, pengine na mkono uleule upokeao Meza ya Bwana.

Sasa tumtazame Zakayo juu ya mkuyu. Bwana alimwita kwa jina, akasema ya kuwa imempasa kukaa nyumbani mwake, kabla yeye hajarudisha hata senti moja. Upendo ulitangulia, toba ikafuata. Twawaomba wainjilisti waushike sana utaratibu huu, wasije wakamfundisha mtu kununua msamaha. Ni kwa ajili ya biashara ya namna hiyo Martin Luther alitoa hoja zake 95 mwaka 1517.

Na toba ile ilikuwa na hesabu. Torati ilimtaka aungamaye dhuluma arudishe yote na kuongeza sehemu ya tano (Hesabu 5:7). Zakayo aliahidi mara nne, kiasi cha mwizi wa kondoo (Kutoka 22:1). Hakujiita mfanya biashara aliyekosea kidogo katika vipimo.

Ni vema mtu ajinyime kitoweo siku hizi. Lakini mwenye kukumbuka gunia la mwenziwe na aende kwake kabla ya Ijumaa Kuu, na debe lililo sawa. Asingoje mavuno, kwa maana debe la mahindi lirudishwalo Machi si sawa na lile la Julai.