Hatamu, Sataranji na Gombo la Pili
(Somo la lugha)

Watoto wa Kongo husoma Kifaransa shuleni. Lakini nchi jirani za Uganda na Zambia hutumia Kiingereza katika kazi za serikali. Mtu avukaye mpaka hukuta maneno ambayo hudhani anayajua, kumbe hayajui. Maneno ya kuzuia na ya kutawala ndiyo hasa yanayodanganya watu. Someni habari zake polepole.

1. Maneno yaliyotoka kwa farasi

Zamani Waingereza walitumia farasi kwa safari, kwa kulima na kwa kuvuta magari. Katika sehemu nyingi za Kongo farasi hawakai, kwa sababu mbung'o huwaambukiza ugonjwa wa kuwaua. Basi tazameni kwanza jinsi farasi anavyoongozwa. Hutiwa chuma kinywani. Chuma hicho ni lijamu. Kamba za ngozi hufungwa pande mbili za lijamu, naye mpandaji huzishika mkononi. Kamba hizo ni hatamu. Akizivuta, farasi hupunguza mwendo. Akizilegeza, farasi hukimbia.

Hatamu kwa Kiingereza ni «rein». Neno hili asili yake ni Kilatini, lenye maana ya kushika kitu kisiende. Mfanyabiashara akipunguza matumizi ya fedha kabla hayajamshinda, Waingereza husema «he reins in his spending», kana kwamba fedha ni farasi. Kiswahili nacho husema kwamba kiongozi ameshika hatamu za nchi. Lugha hizi zimetoka mbali mbali, lakini mfano ni mmoja.

«Curb» pia ni neno la farasi. Ni ukanda au mnyororo upitao chini ya kidevu chake. Hatamu ikivutwa, mnyororo humbana, naye huinamisha shingo. Jina lake limetoka katika neno la Kifaransa «courber», yaani kupinda. Siku hizi husemwa kwamba serikali «curbs» magendo, maana yake inayabana yasizidi. Angalieni vizuri: kubana si kumaliza. Kukomesha kabisa ni «stop». Kukataza kwa maneno au kwa sheria ni «forbid». Kuzuia jambo lisitokee ni «prevent».

Hata Kifaransa hakikumsahau farasi. Breki ya kinga huitwa «frein». Neno hilo limetoka katika Kilatini «frenum», yaani lijamu. Mtoto anayefunga breki mtelemkoni hutaja lijamu ya farasi bila kujua.

2. Neno lililotoka katika mchezo

«Check» limetoka katika mchezo wa sataranji. Wachezaji wawili husukuma vipande juu ya ubao, na kipande kikubwa ni mfalme. Kwa Kiajemi mfalme ni «shah». Mchezaji akimtisha mfalme wa mwenzake, humwonya kwa neno hilo. Mwenzake hawezi tena kufanya analotaka; ni lazima amwokoe mfalme wake kwanza. Neno lilisafiri kwa Waarabu na kwa Wafaransa, likafika Uingereza likiwa «check». Kwanza lilikuwa na maana ya kusimamisha. Baadaye likapata maana ya pili: kusimama na kutazama kama kitu ni sawa, yaani kukagua. Maana hiyo ya pili ndiyo inayosikika sana leo.

3. Neno lililotoka kwa makarani

Katika karne za kati, karani wa fedha aliandika hesabu katika gombo, yaani karatasi ndefu iliyokunjwa kama mkeka. Karani wa pili aliandika hesabu zile zile katika gombo lake mwenyewe. Kisha magombo mawili yalilinganishwa. Kama hayakupatana, kosa au wizi ulijulikana. Wafaransa wa zamani waliliita gombo la pili «contrerole», yaani gombo la kukabili lingine. Hapo ndipo lilipotoka neno «contrôle» la Kifaransa na «control» la Kiingereza.

Lakini ndugu hawa wawili walitengana njiani. Kifaransa kilishika maana ya kukagua. Ndiyo sababu watu wa Kongo husema «kontrole» tikiti zikitazamwa. Kiingereza kilishika nguvu aliyokuwa nayo mwenye gombo la pili juu ya mwenzake. Basi «control» ya Kiingereza, mara nyingi, ni kutawala, kuongoza au kumudu. Maana ya zamani imebaki mahali pachache, kama «passport control», pale pasipoti zinapokaguliwa.

Linganisheni:
«She checks the boat.» Anakagua mtumbwi kama una tundu.
«She controls the boat.» Anaumudu mtumbwi; unakwenda anakotaka.

4. Neno moja laweza kumponza mtu

Fikirini dereva wa Lubumbashi aliyepeleka mizigo Zambia. Asubuhi msaidizi wake alikagua breki. Njiani, mtelemkoni, breki zilikatika, motokari ikaanguka. Polisi walimwambia aandike habari kwa Kiingereza. Yeye akafuata Kifaransa, akaandika: «I did not control the lorry. My helper controlled it.» Alitaka kusema, «Si mimi niliyeikagua, ni msaidizi wangu.» Lakini polisi walisoma hivi: «Si mimi niliyeiendesha, ni msaidizi wangu.» Na msaidizi yule hakuwa na ruhusa ya kuendesha! Watu wawili waliosema kweli wakaonekana wenye hatia. Kama angaliandika «check» na «checked», pasingalikuwa na matata hayo.

5. Kujitawala

Motokari ikimshinda dereva, Mwingereza husema dereva amepoteza «control». Mswahili husema motokari imemshinda. Mmoja hutaja kilichopotea, wa pili humtaja mshindi. Hasira nayo ni hivyo. Asiyekubali kushindwa nayo ana «self-control», yaani anajitawala. Hakuna mtu mwingine anayemshikia hatamu, anazishika mwenyewe.

MAULIZO
1. Hatamu ni nini? Lijamu ni nini?
2. Kuna tofauti gani kati ya «curb» na «stop»?
3. Kwa nini makarani wawili waliandika hesabu zile zile?
4. Dereva alikosea neno gani? Je, alisema uwongo?

KAZI
Andikeni kwa Kiingereza, mkichagua «check» au «control»: (a) Mwalimu anakagua madaftari. (b) Mchungaji anawamudu ng'ombe wake. (c) Mama anakagua chumvi kama ni kavu.