Bawaba za Dirisha

Mji wa Baraka uko kando ya Ziwa Tanganyika. Fizi iko milimani. Kote mvua hunyesha, na unyevu hula chuma. Bawaba ikishikwa na kutu, dirisha hulegea, na siku moja laweza kumwangukia mtoto aliyelala chini yake.

Baba mwenye busara hangoji. Mwanawe mkubwa hushika dirisha, naye hufungua bawaba moja tu kwa bisibisi. Tundu la skurubu likiwa limepanuka, hapigilii msumari mkubwa, maana utapasua ubao. Huchonga kijiti, hukipaka gundi, hukiingiza tunduni. Gundi ikikauka, hufunga bawaba mpya ya kipimo kile kile. Kisha ya pili. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali
1. Kwa nini hafungui bawaba zote pamoja?
2. Kijiti chafaa nini?