Somo la 38: Fundi wa Kiti cha Watu Wote

Watoto, tazameni kiti cha mwalimu. Kina miguu minne, kina mgongo, kina mahali pa kukalia. Nani alikifanyiza? Mtajibu: «Seremala.» Ndiyo. Lakini kabla ya kushika msumeno, ilifaa mtu awaze kwanza: kiti kiwe na kimo gani? Mgongo ulale namna gani? Kisha akapiga sura yake juu ya karatasi. Sura hiyo huitwa plani. Katika nchi zenye viwanda vikubwa wako watu ambao kazi yao ni hiyo: kuwaza vyombo na kuvifanyia plani. Huitwa wabuni. Leo tutasoma habari za mmoja wao, Robin Day.

Robin Day alizaliwa mwaka 1915 katika mji wa High Wycombe, nchi ya Uingereza. Baba yake alikuwa polisi. Mji ule ulijulikana sana kwa kazi ya viti, kwa sababu miti mizuri ilikuwa karibu. Robin alipenda kupiga sura. Akaingia shule ya sanaa ya mji wake, halafu akafanya kazi katika kiwanda cha vyombo vya nyumba. Mwaka 1934 alipata msaada wa kusoma katika Royal College of Art huko London, akamaliza mwaka 1938.

Je, alipata sifa mara moja? Hapana. Kazi ya ubuni ilikuwa haba, na mwaka 1939 vita kuu ikaanza. Robin hakwenda askari, maana alikuwa na ugonjwa wa pumu. Akafundisha shuleni, akafanya na matangazo ya kubandikwa ukutani. Mwaka 1942 akamwoa Lucienne, ambaye alikuwa mbuni wa vitambaa. Miaka mingi walifanya kazi katika nyumba moja, kila mmoja na plani zake.

Mwaka 1948 yalifanywa mashindano huko New York, Marekani. Watu wa nchi nyingi waliombwa kubuni vyombo vya nyumba vya bei ndogo. Robin Day na rafiki yake Clive Latimer walituma plani ya makabati, wakapata tuzo la kwanza katika kazi ya namna hiyo. Basi wakubwa wa kiwanda kimoja cha London, jina lake Hille, wakamwita awafanyie plani.

Day akakubali, lakini hakutaka kuwa mtu wa mshahara. Alibaki bwana wa kazi yake mwenyewe. Alibuni viti kwa Hille, na redio kwa kiwanda kingine. Mtu wa namna hiyo hana mkubwa wa kumwamuru kila asubuhi. Lakini hana pia mshahara wa kila mwezi. Plani ikikataliwa, taabu yake imepotea. Kwa hiyo yampasa kujiamuru mwenyewe, na kutimiza neno lake.

Siku zile kiti kizuri kilikuwa cha bei kubwa. Day aliwaza: «Je, haiwezekani kufanyiza kiti imara ambacho kila mtu aweza kukinunua?» Mwaka 1954 mtaalamu wa Italia, Giulio Natta, alikuwa amevumbua plastiki mpya iitwayo polipropilini. Ni nyepesi, haivunjiki upesi, wala maji hayaiozeshi. Day akaichagua.

Kiti chake hufanyizwaje? Ninyi mwajua kufanya matofali: twatia udongo ndani ya kisanduku cha mti, nao watoka na umbo la kisanduku. Hiyo ni kalibu. Kalibu ya kiti ni ya chuma. Plastiki huyeyushwa kwa moto, ikasukumwa ndani kwa nguvu, ikapoa. Hapo mgongo na mahali pa kukalia hutoka pamoja, kipande kimoja. Kisha hufungwa miguu ya chuma. Mashine moja iliweza kutoa viti 4,000 kwa juma.

Lakini palikuwa na hatari. Seremala akikosea, hutwaa randa akasawazisha. Kalibu ya chuma ni ya bei kubwa mno, na kosa lililomo ndani yake litaonekana katika kila kiti. Kiti kilipotoka mwaka 1963, vingine walipewa watu wenye ujuzi, wakaombwa kusema makosa yake. Wakasema. Day hakukasirika. Aliyasikiliza maneno yao, akakitengeneza tena. Kweli, kuuliza si ujinga.

Tangu siku zile vimefanyizwa viti zaidi ya milioni 10. Viliingia shuleni, hospitalini na katika viwanja vya michezo, hata katika michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Huko Botswana watu wamevitia ndani ya mitumbwi, wakavikalia mtoni. Mwaka 2009 Posta ya Uingereza iliweka sura ya kiti hicho juu ya stempu. Robin Day alikufa mwaka 2010, mwenye miaka 95. Mamilioni wamekaa juu ya kazi yake bila kujua jina lake.

Watoto, Mtakatifu Yosefu naye alikuwa seremala. Mwenye kufanyiza kiti hamjui atakayekikalia: labda mgonjwa, labda mzee, labda mtoto kama ninyi. Akiwaza mgongo wa mtu huyo asiyemjua, anampenda jirani yake kwa mikono yake. Nasi tunaokalia kiti tusikivunje, maana kimegharimu akili na jasho la mtu.

Maulizo
1. Plani ni nini?
2. Robin Day alifanya kazi gani wakati wa vita?
3. Kwa nini hakutaka kuwa mtu wa mshahara? Sema unavyofikiri.
4. Eleza kalibu ya matofali na kalibu ya kiti. Zinafananaje?
5. Watu walipomwambia makosa ya kiti, alifanya nini? Wewe ungefanya nini?

Kazi ya nyumbani: Pima kimo cha kiti au kigoda cha nyumbani kwenu. Muulize babu au bibi kama anakaa vizuri juu yake. Kisha piga plani ya kiti kitakachomfaa zaidi.